Miaka mitano ya kutafuta makaratasi ya Italia, na wiki tatu tulizochelewa

Mume wangu ni Mwitaliano wa sahani. Kiitaliano anachokijua ni majina ya vyakula na matusi mawili aliyorithi kwa babu yake, na hata hayo matusi tulikuja kuambiwa baadaye ni ya Kisisilia. Mimi ni wa Nyeri, nilikuja Pennsylvania 2009 kwa kazi ya unesi, nikaolewa huku, tuna watoto wawili. Sasa ukiniuliza imekuwaje mtoto wa Nyeri ndio anajua ndoa na vifo na ubatizo wa ukoo wa wachimba migodi wa Sisilia kuliko wenye ukoo, jibu ni refu kidogo na mwisho wake haunifurahishi, lakini wacha niseme tu.

Ilianza na jina la mtoto. Binti yetu wa kwanza nilimpa jina la mama mkwe, juu kwetu Wakikuyu ndio desturi, mvulana wa kwanza anaitwa babu wa upande wa baba, wa pili babu wa upande wa mama, msichana wa kwanza shosho wa upande wa baba, wa pili shosho wa upande wa mama, hakuna mjadala. Mama mkwe alidhani najipendekeza. Nilipomweleza ni desturi akanyamaza kidogo alafu akaniambia, "Mama, hata kwetu ilikuwa hivyo hivyo, baba yangu aliitwa jina la babu yake, ni sisi tuliacha." Nikashangaa. Nyeri nimekua nikiwaona Waitaliano, masista wa Consolata pale Mathari, na lile kanisa la ukumbusho la wanajeshi wao waliokufa wakiwa wafungwa wa vita, alipozikwa yule Duke wa Aosta, lakini hakuna siku nilisikia kwamba wanapeana majina kama sisi.

Basi 2020, wakati wa korona, nikitoka shifti sina pa kwenda, mama mkwe akaleta mfuko wa nailoni wa duka la dawa umejaa makaratasi, kadi za mazishi, picha ambazo hakuna aliyeandika nyuma ni nani, risiti za makaburi. Mume wangu alikuwa amesikia kazini kwamba mtu mwenye asili ya Italia anaweza kupata pasi, watoto wakasome Ulaya bila kulipa ada ya mgeni. Akasema, "Wewe ndio unapenda karatasi, si ujaribu?" Ni kweli napenda karatasi. Niliingia nikidhani ni kitu cha miezi sita.

Sheria yenyewe wakati huo ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuithibitisha. Ufalme wa Italia ulitangazwa tarehe 17 Machi 1861, kwa hiyo mzee wako awe alikuwa hai baada ya hapo. Kisha kulikuwa na sheria namba 555 ya 1912, ambayo ilisema mtoto wa Mwitaliano akizaliwa nchi kama Marekani inayompa kila mtoto uraia wa pale pale, bado anabaki Mwitaliano. Na mtoto wake hivyo hivyo, na mjukuu, bila kikomo cha vizazi. Ni kama mnyororo. Unakatika mzee akiapa uraia wa Marekani kabla mtoto wake hajazaliwa, juu hapo hana tena cha kumpa. Kwa hiyo swali la kwanza haliwi babu alitoka kijiji gani, ni aliapa lini. Sisi tulipoteza miezi minne tukitafuta kijiji.

Baba ya mama mkwe alizaliwa Pittston mwaka 1915. Pittston ni mji wa makaa ya mawe hapa kaskazini-mashariki mwa Pennsylvania, na Waitaliano wake wengi walitoka San Cataldo na vijiji vya karibu, mkoa wa Caltanissetta katikati ya Sisilia, mahali penye migodi ya salfa ambapo watoto walikuwa wanabeba mawe mgongoni wakipanda juu kutoka shimoni, wanaitwa carusi. Walitoka shimo la salfa wakaja shimo la makaa. Mzee wetu, yaani baba yake huyo wa 1915, nitamwita Vincenzo, alifika 1907. Kila mtu kwenye familia alikuwa anasema jina lake lilibadilishwa Ellis Island na karani mvivu, hadithi tamu sana, kila Krismasi inarudiwa. Si kweli. Orodha ya abiria ilikuwa inaandikwa kule bandarini meli inapotokea, yake iliandikwa Palermo, na makarani wa Ellis Island walikuwa wanahakiki tu orodha iliyokuja tayari. Nilimkuta pale, Vincenzo kamili, jina la ukoo sawa kabisa. Aliyemwita James ni maisha, ni msimamizi wa mgodi, ni jirani, ni yeye mwenyewe akichoka kurudia jina lake. Mama mkwe sikumwambia kwa wiki mbili, nilimwonea huruma na ile hadithi yake.

Sensa ndizo zilitusaidia kwa kiapo. Sensa ya Marekani ya 1920 ina safu ya uraia, wameandika Pa kwa aliyetoa karatasi za kwanza, yaani ametangaza nia ya kuwa raia, Na kwa aliyekwisha kuapa, Al kwa mgeni. Vincenzo 1920 ni Pa, 1930 ni Na. Kwa hiyo katikati. Tukaenda kutafuta ombi lenyewe, tukalipata, aliapa 1926. Mtoto amezaliwa 1915, baba ameapa 1926, mnyororo uko salama kwa miaka kumi na moja. Siku hiyo tulikula pizza na mume wangu akaanza kujiita Mwitaliano mbele ya watoto.

Sasa ndio kazi ikaanza. Kila mtu kwenye mnyororo anahitaji cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, cha kifo kama amekufa, na sio ile kopi fupi ya kupeleka shuleni, ile ndefu yenye majina ya wazazi. Kila cheti cha Marekani kinapigwa apostili, yaani muhuri wa kimataifa wa kuthibitisha sahihi, na jimbo lililotoa cheti ndilo linapiga, kwetu ni Harrisburg dola 15 kila kimoja. Alafu kinatafsiriwa Kiitaliano. Na jambo moja nililijua kwa uchungu: usitoe stepo. Apostili inabanwa na cheti kwa stepo, mimi nikazitoa nipige skani vizuri, nikarudisha vizuri tu, hakuna angejua, lakini matundu yanaonekana na karatasi imekufa. Dola 15 nyingine na wiki kadhaa.

Lakini shida kubwa ilikuwa majina, na hapa ndipo malezi yangu yalijitokeza. Aliyekulia Kenya anajua. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha darasa la nane kinasema vile, herufi moja imezidi, unaenda kuchukua kitambulisho unaambiwa rudi, leta barua ya chifu, leta afidaviti, huyu na huyu tutajuaje ni mmoja. Mamangu alitembea na mimi ofisi tatu kwa sababu ya herufi H. Kwa hiyo nilipoona makaratasi ya hawa watu damu ilinichemka. Vincenzo ni James kwenye kifo, Vincent kwenye ndoa, Jim kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Na mkewe ndio balaa, juu Italia mwanamke anakufa na jina la kwao, kuolewa hakubadilishi kitu, lakini huku kila karatasi imempa jina la mume. Alizaliwa Calogera, jina ambalo mkoa wa Caltanissetta limejaa kama Wanjiru kwetu, huku akawa Carrie, mahali pengine Clara, na jina la kwao likaandikwa na mkunga aliyesikia anavyosikia.

Mtu mwingine angesema mnyororo unapita kwa mume, achana na mke. Mimi nilikataa, si kwa akili yoyote ya mbele, ni ule woga wa chifu tu, nikasema kila jina lililo kwenye karatasi lazima niwe na cheti chake. Hiyo tabia ndiyo ilikuja kutuokoa, na ndiyo hiyo hiyo ikaja kutumaliza, ngoja nifike.

Rekodi za zamani za Italia ziko mtandaoni bure, kuna tovuti ya hifadhi za taifa inaitwa Antenati, vitabu vya kuzaliwa, ndoa na vifo vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Huwezi kuandika jina likakuletea tu, vingi lazima ufunue kama kitabu. Mwaka umeandikwa kwa maneno, saa kwa maneno, mwandiko umelala. Nilikuwa nakaa usiku baada ya shifti na kikombe cha chai nikifunua 1890, 1891, 1892. Kitu ambacho kilinichekesha ni kwamba ukizoea kusoma maandishi ya madaktari, karani wa Sisilia hakutishi. Kila kitabu kina faharasa mwisho, anza na faharasa, usifunue kutoka mbele kama nilivyofanya mwezi mzima.

Nikapata Calogera. Alafu nikapata Calogera mwingine. Jina la ukoo moja, mji mmoja, mmoja 1892 mwingine 1893, baba zao wote zolfataio, mchimba salfa. Kopi ya ndoa tuliyokuwa nayo ya Pittston 1913 haikutaja wazazi wa bibi harusi. Mume wangu akasema chagua yeyote, nikamwambia huo ndio mchezo wa kufungwa.

Nililala na hilo jambo wiki nzima, alafu nikiwa naosha vyombo ikanijia. Hao wawili ni binamu. Kaka wawili kila mmoja amemwita binti yake wa kwanza jina la mama yao, kwa hiyo ukoo mmoja unakuwa na akina Calogera wanne rika moja. Kwetu tulikuwa na akina Wanjiru watano shambani, shosho akiita mmoja wanakuja wote. Na kama wamefuata desturi ile ile huku Marekani, basi binti wa pili wa Calogera ameitwa jina la mama yake Calogera. Nikakimbilia sensa ya 1930, mikono ina sabuni. Binti wa kwanza jina la mama yake Vincenzo, sawa, hilo tulikuwa nalo. Binti wa pili Rose. Nikarudi Antenati, Calogera wa 1892 mama yake Maria, Calogera wa 1893 mama yake Rosa. Nilipiga kelele watoto wakaamka. Mume wangu hadi leo anasema kazi hiyo ilifanywa na Wakikuyu.

Tuliandikia manispaa ya San Cataldo barua ya Kiitaliano niliyosaidiwa na sista mmoja mzee niliyemjua, tukaweka kopi ya pasi ya mama mkwe na namba ya ukurasa wa kitabu. Ukiwapa namba ya ukurasa unawarahisishia kazi. Bahasha ikaja wiki ya tano, vyeti viwili, cha Vincenzo na cha Calogera, na muhuri wa mviringo. Mama mkwe alikinusa kile cha Calogera.

Baada ya hapo ikawa ni kungoja apointimenti ya ubalozi mdogo. Nafasi zilikuwa zinafunguliwa usiku wa manane saa za Roma, kwetu ni saa kumi na mbili jioni, na zinaisha kabla hujabonyeza. Nilikuwa nakaa kwenye gari nje ya hospitali kabla ya shifti ya usiku, simu mkononi, dakika kumi, basi, naingia kazini. Miaka miwili hivyo. Hakuna kitu cha kusimulia hapo, ni kubonyeza tu.

Tarehe 3 Oktoba 2024 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Italia ikatoa waraka namba 43347. Ulifuata maamuzi ya mahakama yao ya juu, ile Cassazione, kwamba baba akiapa uraia wa nje wakati mtoto bado mdogo, na mtoto naye anapoteza, hata kama alizaliwa na uraia mbili. Kifungu kiko ndani ya ile ile sheria ya 1912, miaka yote kilikuwa kinasomwa kwa namna moja, sasa kinasomwa kwa namna nyingine. Mtoto wetu alikuwa na miaka 11 mwaka 1926. Ile miaka kumi na moja tuliyokula nayo pizza sasa ndiyo iliyotufunga. Vincenzo kwisha, James kwisha, wote wamekwisha.

Mume wangu alifunga laptopu akaenda kukata nyasi. Mimi nikaenda kwa faili la Calogera.

Nieleze hapa kidogo, juu wengi hili hawalijui. Zamani mwanamke wa Italia hakuwa anapitisha uraia kwa mtoto, ni baba tu. Katiba yao iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1948 ikaleta usawa, ndio maana maofisi yao yanahesabu mtoto wa mama aliyezaliwa kuanzia siku hiyo tu. Aliyezaliwa kabla, kama huyu wetu wa 1915, anaenda mahakamani, na tangu 2009 Cassazione ilishakubali kwamba huo ubaguzi haufai kuendelea kumfuata mtu. Mkenya hashangai. Kabla ya katiba yetu ya Agosti 2010, mama Mkenya aliyezaa nje alikuwa hana cha kumpa mtoto, lazima baba awe Mkenya. Binti yangu mkubwa amezaliwa 2011, ni Mkenya kwa sababu yangu. Kwa katiba ya zamani tungekuwa tunaandikiana barua. Kwa hiyo nilipomsoma Calogera sikusoma kama mtu wa mbali.

Swali ni lile lile, yeye aliapa lini? Kabla ya Septemba 1922 mke wa Marekani alikuwa anaburutwa na mume, mume akiapa na yeye ameapa hata kama yuko jikoni. Sheria ikabadilika tarehe 22 Septemba 1922, ikaitwa Cable Act, kuanzia hapo mke anaapa kwa jina lake mwenyewe. Mume wake ameapa 1926. Miaka minne tu, angewahi kidogo angemburuta naye. Na Calogera hakwenda kuapa kamwe. Hakujua kuandika, hakuwa na haja.

Najuaje hakuapa? Juu ya karatasi moja niliyoagiza 2021 kwa ule woga wangu wa kila jina na cheti chake. Mwaka 1940 Marekani iliamuru kila mgeni mwenye miaka 14 na zaidi ajiandikishe, wengi walienda posta, ukajaza fomu ya AR-2 na ukabonyeza kidole. Fomu ya Calogera ipo. Jina, Calogera, na chini yake jina lingine analojulikana nalo, Carrie. Jina la kwao. Tarehe ya kuzaliwa, imekosea siku mbili tu na ile ya kitabu cha San Cataldo. Meli, mwaka, watoto wangapi. Mahali pa sahihi kuna alama ya msalaba, na kando alama ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, nyeusi, mistari yote inaonekana. Mwaka uliofuata Italia ikaingia vitani na Marekani na mama wa watu, ambaye wanawe wawili walikuwa jeshini upande wa Marekani, akahesabiwa mgeni adui hadi Oktoba 1942 Waitaliano walipoondolewa kwenye hiyo orodha.

Nilipoiona mara ya kwanza nilimkumbuka guka, babu yangu. Kipande alichovaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma enzi za mkoloni kilikuwa na kidole vile vile, na jina la mwajiri na mshahara. Mwaka huo huo wa 1940 alikuwa kijana akifanya kazi shamba la mzungu. Alikuwa anakiita kengele ya mbuzi. Walipoacha kuvivaa alikitupa mtoni, kwa hiyo mimi kwa upande wangu sina hata karatasi moja yake, wakati Calogera nina kurasa mbili.

Novemba tukampata wakili wa Italia. Kesi zinaenda mahakama ya eneo alikozaliwa mzee, tangu 2022 ndio utaratibu, kwetu ni Caltanissetta. Akaangalia faili akasema ni safi kuliko nyingi anazoziona, na akatuonya kwamba hata kwa njia ya mama bado kuna mahakimu wanaosema kiapo cha baba kilimgusa mtoto, si uhakika. Alafu akasema kitu ambacho nakisikia hadi leo: tufungue kesi sasa hivi na tulichonacho, kinachokosekana tutaleta baadaye, mahakama inaruhusu.

Kilichokosekana ni kimoja. Tulitaka amri ya korti ya kaunti hapa kutamka kwamba Carrie wa cheti cha kifo cha 1961, Clara wa cheti cha mtoto cha 1915 na Calogera wa San Cataldo ni mtu mmoja. Ombi lilikuwa limeshawasilishwa.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mtu asiyejua hata cheti cha ndoa yake kiko wapi, akasema tufungue. Akaweka jina lake, la mwanawe na la mama mkwe. Mimi nikasema hapana, sisi tungoje amri. Nilimwambia mume wangu, unapeleka faili lenye majina matatu kwa mtu mmoja, hakimu atakurudisha, na ukirudishwa mara ya kwanza umeharibu. Na ukweli mwingine ni pesa, kuanzia Januari 2025 ada ya mahakama kule ilikuwa euro 600 kwa kila mtu badala ya ada moja kwa kesi nzima, sisi tuko watatu, nikasema Aprili tutakuwa tumerudishiwa kodi, tutalipa bila kukopa. Akaniamini. Miaka mitano alikuwa ameniona sikosei.

Wifi alifungua Februari. Kwa makaratasi yangu, yote, kopi zangu, tafsiri nilizolipia.

Ijumaa tarehe 28 Machi 2025 niliamka saa nane mchana baada ya shifti nikakuta ujumbe kumi na moja. Serikali ya Italia imetoa amri namba 36, inaanza mara moja. Aliyezaliwa nje na ana uraia mwingine hahesabiki kuwa Mwitaliano, isipokuwa kama mzazi au babu au bibi yake ni raia wa Italia aliyezaliwa Italia, au kama mzazi aliishi Italia miaka miwili mfululizo kabla mtoto hajazaliwa akiwa raia. Na aliyewasilisha kabla ya saa sita kasoro dakika moja usiku wa tarehe 27 Machi, saa za Roma, anaamuliwa kwa sheria ya zamani. Mwezi Mei bunge likaithibitisha kuwa sheria namba 74, na marekebisho kadhaa, badala ya kuzaliwa Italia sasa mzazi au babu au bibi awe ana uraia wa Italia peke yake au alikufa nao peke yake, lakini kwetu hayakubadilisha kitu.

Nilikaa nikahesabu kwa vidole. Mama mkwe, Calogera ni bibi yake, na alikufa Mwitaliano mtupu, kwa hiyo hata kwa sheria mpya mama mkwe ana pa kushika. Mume wangu, Calogera ni mama ya babu yake, kizazi kimoja zaidi. Ameanguka hapo. Yaani mama yumo, dada yumo, mtoto wa dada yumo, yeye na wanangu wako nje, na aliyewaweka nje ni yule aliyekusanya faili. Watu waliniambia usijilaumu, hakuna aliyejua, na kweli hakuna aliyejua siku wala saa, lakini minong'ono ilikuwepo, tayari kule Veneto meya mmoja alikuwa ametundika bendera ya Brazili kulalamikia maombi yaliyomzidi, na manispaa zilikuwa zimeruhusiwa kutoza hadi euro 600 kwa ombi, mtu mwenye macho angeona mlango unasukumwa. Mimi nilikuwa naangalia herufi.

Mume wangu hakusema neno baya. Alisema tu, "Kwenu ungerudishwa kweli?" Nikamwambia ndiyo, kwetu ningerudishwa. Tukaacha hapo.

Amri ya korti ya kaunti ilifika tarehe 17 Aprili, wiki tatu baadaye. Nzuri sana, karatasi nzito, jaji amesaini kwa wino wa buluu, Carrie na Clara na Calogera ni mtu mmoja. Nikaipeleka Harrisburg ikapigwa apostili, stepo sikuigusa, nikaitafsiri, nikampa wifi aongezee kwenye kesi yake. Kesi yao bado haijaamuliwa. Faili lote liko kwake sasa, kilo nne, nililipima kwa mzani wa jikoni. Kwangu nilibakisha karatasi moja tu, ile fomu ya 1940 yenye kidole, na hiyo wifi akiihitaji mahakamani nitampa kopi.